Fungu Si Chombo

Mama yangu alikuwa mfupi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililomuua, ingawa waliohusika walitoa sababu nyingine, nzuri zaidi. Alikuwa mfupi kiasi kwamba nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, kila kitu kilitundikwa chini, na wageni walilazimika kuinama ili wajione kwenye kioo cha ukumbini. Shoga yake, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mrefu, ana mikono ya kuchumia maembe bila upondo. Walipotembea pamoja kwenda sokoni watu walicheka waziwazi.

"Kafupi we, siku moja watakukanyaga," shoga yake alikuwa akimwambia.

"Wakinikanyaga nitawang'ata ugoko," mama alijibu, na wote wawili wakacheka kana kwamba ndiyo kwanza mzaha ule umetungwa.

Ilikuwa miaka ile tuliyotoka kwenye foleni za sabuni na sukari tukaingia kwenye ruksa, kila mtu aingize na auze atakacho. Maduka ya Ngamiani yalijaa ghafla vitu ambavyo tulikuwa tumesahau majina yake, nasi tukawa tunavitazama. Baba alikwishafariki. Mimi, binti yake, nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, na mshahara wangu ulikuwa wa kunusa. Kilichotulisha ni pweza.

Wanawake wa kwetu wamekwenda kwenye fungu la mchanga tangu na tangu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapopevuka, bahari inakupwa mpaka mchanga na miamba iliyoko mbali mbele ya ufuko wa Raskazone inatoka nje, na pweza na kombe wanaokoteka kwa mkono na kijiti cha chuma. Zamani ilikuwa kitoweo tu, na kidogo cha kumpelekea jirani. Ilipokuja ruksa likaja na lori la barafu, likawa linaegeshwa ufukweni siku za bamvua kununua pweza wa kupeleka ng'ambo, na kile kitoweo kikawa kazi. Lakini kitu kimoja hakikubadilika. Maji yakijaa, fungu lile linafunikwa lote. Unaweza kupita juu yake usijue kama asubuhi watu walikuwa wamekaa pale wakila mihogo.

Aliyekuwa akiwapeleka kila bamvua ni mjomba wangu, mdogo wake mama, mwenye ngalawa. Aliwashusha asubuhi maji yakielekea kupwa, akarudi ufukweni kwa shughuli zake. Walipomaliza walifunga kanga kwenye ufito wakauinua, naye akaenda kuwachukua. Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu, hakuna aliyeuandika popote. Mtu akiwa Raskazone akiona kanga imesimama kule funguni, alijua maana yake ni kwamba wamemaliza, wanataka kurudi. Hakuna aliyeshtuka.

Jumamosi ile nilikwenda na wali wa mama kwenye bakuli, nimsaidie kubeba pweza mpaka kwenye lori. Jua lilikuwa limepita utosini. Kanga ilikuwa juu. Niliitambua, nyekundu na nyeusi, ya shoga yake. Nikamuuliza mwenye lori kama mjomba amekwishaondoka kwenda kuwachukua.

"Mjomba wako sijamwona tangu asubuhi," alisema. "Na hiyo kanga imesimama kitambo. Kwani hukuona ngalawa zilivyofungwa?"

Hapo ndipo nilipogeuka nikaona. Ngalawa na mitumbwi yote ya ufuko ule ilikuwa imekusanywa mbele ya kituo cha boti ya uokozi, imepigwa mnyororo mmoja.

Niseme kituo hicho kilikuwa nini. Boti ilikuja kwa msaada, ikapokewa kwa ngoma na hotuba, nyeupe, ina mashine mbili nyuma. Tuliambiwa sasa hakuna mtu wa Tanga atakayekufa maji hali tunamwona. Ilitoka siku za sikukuu kuzunguka mbele ya wageni rasmi. Siku nyingine ilikaa imefunikwa turubai. Wenye kituo, kwa kukosa kazi, wakapewa kazi nyingine ya kukagua vyombo vidogo, nani ana leseni ya kubeba abiria na nani hana. Jumamosi ile walikuwa kwenye ukaguzi.

Mjomba hakuwa na leseni. Alipovuta ngalawa yake mchangani baada ya kuwashusha akina mama, walimkuta na wakamuuliza kama amebeba abiria. Akasema hapana, yeye mvuvi tu. Watu wengi wamemlaumu kwa neno hilo na mimi sijawahi. Tulikuwa tumefundishwa na miaka ile. Ukiulizwa una sukari ndani, hapana. Ukiulizwa hii sabuni umeivusha mpakani Moa, hapana, sijui hata Moa iko wapi. Kumwambia hapana mtu aliyevaa sare kulikuwa kama kuitikia salamu, unasema kwanza ndipo unafikiri. Mjomba alisema hapana akijua watamsumbua kidogo, watataka kitu kidogo, watamwachia kabla maji hayajageuka. Walimkalisha kwenye benchi wakaifunga ngalawa.

Nilimkuta kwenye benchi hilo. Aliponiona aliinuka, jasho linamtiririka.

"Mwanangu, mamako yuko funguni," alisema. "Yeye na shoga yake na yule bi harusi wa nyumba ya nyuma. Nimewaambia hawa, wallahi nimewaambia, hawanisikii."

Mkuu wa kituo alikuwa nyuma ya meza yake. Nilimwamkia, shikamoo, akaitika kwa upole, akanionyesha kiti. Upole wake ndio ambao sijausamehe. Angenitukana ningekuwa na kitu cha kushika.

"Karibu mwalimu, kaa."

"Sikai mzee, nimekuja kuomba boti. Mama yangu yuko kule na maji yanajaa."

"Huyu ndugu," alisema akimwonyesha mjomba kwa kalamu, "asubuhi alituambia hakubeba mtu. Sasa anasema amebeba watatu. Tumwamini wakati gani?"

"Usimwamini. Toka nje uwaone."

Alitoka. Nitampa haki yake, alitoka mpaka barazani, akachukua darubini, akatazama kwa makini. Kisha akanipa na mimi nitazame. "Wako salama," alisema. "Wamesimama."

Nikatazama. Nilimwona shoga yake mama ameshika ufito wenye kanga. Bi harusi, msichana aliyeolewa juzi tu na aliyekwenda funguni kwa mara ya kwanza, alikuwa amemshika mkono. Mama alikuwa pembeni yao, kapu la pweza kichwani, kanga ameifunga kibwebwe. Maji yaliwafika kwenye nyayo. Hakuonekana mwenye wasiwasi. Alikuwa akimsubiri mdogo wake, kama alivyomsubiri bamvua zote, na nilijua kwa namna alivyoshika kiuno kwamba anapanga la kumwambia kwa kuchelewa.

"Chombo chao kiko wapi?" mkuu aliniuliza.

"Hawana chombo. Chombo chao mmekifunga ninyi."

"Basi ndiyo shida yenyewe." Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Boti ile inatoka kwa chombo kilicho hatarini. Chombo kimepinduka, kimezama, kinawaka moto, kimepotea. Mwenye chombo au nahodha anatoa taarifa, boti inatoka. Hayo aliyajua kwa moyo. "Pale hakuna chombo, mwalimu. Kuna watu wamesimama juu ya mchanga. Fungu si chombo."

"Mchanga unazama!"

"Haujazama."

Nilidhani anatania. Kuna wakati mtu anasema jambo la kijinga mno hata unasubiri acheke ili na wewe ucheke. Hakucheka.

Nikamwambia basi aifungue ngalawa ya mjomba, waende wenyewe, hawahitaji boti yake. Akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni ya kweli naamini. Ngalawa ile ni kielelezo, alisema, kesi haijasikilizwa, ikitoka na kubeba abiria tena atajibu yeye. Na zile nyingine? Zile nyingine nazo vielelezo.

Pembeni alisimama mwendesha boti, mtu wa makamo, funguo zinaning'inia mkandani. Yeye alikuwa haangalii meza wala mimi, alikuwa anaangalia bahari. "Mkuu," alisema, "hii ni bamvua. Lile fungu litafunikwa lote."

"Najua. Likifunikwa litakuwa jambo jingine."

"Likifunikwa watakuwa wapi?"

"Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu alitoa boti bila sababu ya kisheria," mkuu alimjibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Alifuata watu waliokuwa wanaogelea tu, akidhani wanazama, mafuta yakaisha, meli ikaomba msaada boti haina tone. Yuko wapi leo? Nina watoto, ndugu yangu." Mwendesha boti akazishika funguo zake, akarudi kutazama bahari. Alikuwa na watoto naye.

Mjomba hakungoja zaidi. Alikimbia kwenye mnyororo akaanza kuupiga kwa jiwe. Askari wawili wa kituo wakamshika, akawaburuta, wakamlaza kifudifudi mchangani na mmoja akamkalia mgongoni. Nilisikia akilia mdomo ukiwa kwenye mchanga. "Dada yangu yule! Nifungeni nikirudi, nifungeni maisha!" Watu wakaanza kujaa. Wanawake waliokuwa wakiosha samaki walipiga mayowe. Mwenye lori la barafu, ambaye sijui hata alikuwa mtu wa wapi, aliacha pweza zake juani akaliendesha lori kwenda kutafuta mtumbwi kwenye ufuko mwingine, upande wa pili wa mji. Yeye hakuuliza chombo, ingawa alichelewa.

Mimi nilirudi barazani. Nilipiga magoti. Sikuwa nimempigia mtu magoti kabla ya hapo na sijampigia tangu siku hiyo. Mkuu aliniinua kwa heshima, akanipangusa mchanga kwenye kanga, akaniambia nisijidhalilishe, mimi ni mwalimu.

Maji yalipanda. Kila baada ya muda mkuu alitoka na darubini yake. Yamefika magotini, alimwambia mwandishi wake. Baadaye akasema yamefika kiunoni. Nilimpokonya darubini. Yalikuwa yamefika kwenye kiuno cha shoga yake mama. Kwa mama yalikuwa kifuani.

"Mmoja ni mfupi!" nilipiga kelele. "Mzee, mama ni mfupi! Usimpime kwa yule mrefu!"

Nafikiri neno lile lilimgusa, maana alitazama tena na akakunja uso. Lakini alikuwa anatafuta kitu ambacho kanuni yake ingekitambua, na ufupi wa mtu haukuwamo. Watu watatu wamesimama. Ndicho alichokiona, na ni kweli walikuwa wamesimama. Mama alikuwa bado ana kapu kichwani. Niliona mikono yake yote miwili imelishika, na nikasema kwa sauti, litupe mama, litupe, kana kwamba ananisikia. Hakulitupa. Pweza wale ndio waliokuwa unga wetu na mafuta ya taa ya wiki mbili.

Kisha wimbi likapita, na niliporudi kuona kulikuwa na vichwa viwili, na kapu linaelea peke yake.

"Sasa," alisema mkuu wa kituo.

Mwendesha boti alikuwa tayari anakimbia. Turubai lilivutwa, mashine zikawaka papo hapo, na boti ile ikaruka juu ya maji jinsi ilivyokuwa ikiruka siku za sikukuu. Nilianza kusoma Ayatul Kursi. Sikuifikisha mwisho, wakawa wamefika funguni. Nasema hili kwa kila anayeniambia bahari ni pana. Ule upana wote tuliokuwa tukibishana juu yake tangu adhuhuri ulikwisha kabla sijamaliza aya moja.

Walirudi na wawili. Bi harusi alikuwa akitapika maji ya chumvi. Shoga yake mama alikaa kitako kwenye boti, mkono wake mrefu umekunja ngumi. Walipomfungua ngumi, ndani yake kulikuwa na kanga ya mama.

"Nilimbeba," aliniambia. "Alikuwa mwepesi, nilimbeba kama mtoto. Akaniambia mshike huyu msichana, miye naweza. Akanidanganya. Nilimshika kwa nguo, nguo ikabaki."

Mwili tuliupata kesho yake, tukamzika baada ya alasiri. Kwenye matanga mkuu wa kituo alikuja. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka na wanaume, akasikiliza hitima mpaka mwisho, akatoa rambirambi yake. Alipotoka alipita mlango wa nyuma kuwapa pole wanawake. Alituambia kwa upole wake uleule kwamba boti ilitoka mara tu ilipowezekana kutoka.

Shoga yake mama alikuwa amelala kwenye mkeka uso ukutani. Hakugeuka. "Ungekuja mapema, baba," alisema, "ungepata na kitoweo."

Kituo kilipongezwa kwa kuokoa maisha ya wanawake wawili. Mwendesha boti alipewa cheti, na nilisikia kwamba hakwenda kukichukua. Mjomba alipelekwa mahakamani kwa kubeba abiria bila leseni, na hapo nikashuhudia ajabu. Wale abiria ambao adhuhuri ile hawakuwapo, ambao hakuna aliyeweza kuwatolea boti kwa kuwa mwenye ngalawa alikwishasema hakubeba mtu, mahakamani walikuwapo wote. Mkuu wa kituo mwenyewe aliapa kuwa aliwaona kwa macho yake. Mama yangu alitajwa. Alikuwa hai kiasi cha kutosha kumtia mdogo wake hatiani.

Mjomba alitoka kifungoni, akauza ngalawa kwa aliyetokea kwanza, akahamia Moa kulima mihogo. Huko bahari iko mlangoni mwake na hajaigusa. Nikienda kumwamkia ananipokea vizuri, tunazungumza mvua na wajukuu. Jina la dada yake halitamki. Nami simlazimishi.

Miaka ikapita, nchi ikaanza kuuza vitu vyake. Viwanda viliuzwa, mashamba ya mkonge yaliuzwa, na kile kituo kikafungwa kwa kuwa hakina faida. Boti ikapigwa mnada. Aliyeinunua aliipaka rangi ya buluu, akaiwekea kitambaa cha kivuli na viti vyenye mito, akawa anaikodisha kwa matembezi. Sikujua. Nilikuwa mwalimu mkuu wakati huo, na walimu wenzangu walichanga waende kula pilau mahali pa upepo kusherehekea kufunga shule. Tulipofika Raskazone nikaiona imeegeshwa, mashine zikiunguruma, na pamoja na rangi yake mpya niliijua, maana mtu haisahau sauti ya mashine zile. Nilipanda kwa sababu wenzangu walikuwa nyuma yangu na sikutaka maswali.

Ilitupeleka kwenye fungu. Lile lile. Maji yalikuwa yamekupwa. Kijana wa boti, sare yake safi, aliweka ubao ili tushuke tusilowe viatu, akanishika mkono kwa adabu.

"Mama, nyie kaeni mle kwa raha zenu," aliniambia. "Tutawafuata kabla maji hayajageuka. Hata mkituambia bado, sisi tunakuja. Mtu hasubirishwi hapa mpaka maji yapande."

Nilimuuliza kama hiyo ni kanuni ya tajiri wake, kama imeandikwa mahali.

Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini nyumba ina mlango. "Kanuni ya nini, mama? Akili tu."

Wenzangu walikuwa wamekwishatandika mikeka na kufungua sufuria. Nilisimama juu ya ubao, sikuweza kukanyaga mchanga ule. Nilikuwa nimejaa hasira hadi kooni, hasira ya zamani ambayo nilidhani imelala. Nikamwambia yule kijana sijisikii vizuri, anirudishe pwani, mimi peke yangu. Akawasha mashine akanirudisha saa ileile, bila kuniuliza chombo changu kiko wapi.